Kifungu cha 15

Mwongozo wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ulitoka Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote kule Uganda. Wakubwa walikuwa na hofu ya usalama wa nchi. Sisi wa viwandani tulishika kifungu cha 15, kilichomkataza kiongozi kujitukuza na kuwanyanyasa anaowaongoza.

Nilikuwa kijana katika kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam. Kijitabu kilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likalowa mafuta ya mashine. Mzee mmoja wa idara ya kufuma, asiyejua kusoma, aliomba asomewe kifungu kile kila mapumziko, hadi akakihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura.

Siku moja meneja alimfokea mama aliyechelewa kurudi kutoka kunyonyesha. Alimwita mvivu mbele yetu sote, akaitupa kadi ya mama huyo sakafuni. Mzee akazima mashine. "Ndugu meneja," alisema, wala hakupandisha sauti, "kifungu cha 15 kinakuhusu." Akakitoa chote kwa kichwa. Mashine za jirani zikazimwa moja baada ya nyingine, masikio yetu yakabaki yanavuma. Meneja aliinama, akaiokota ile kadi. Juma lile lile kamati ya wafanyakazi ilikaa naye, na muda wa kunyonyesha ukaandikwa kwenye kanuni za kiwanda.

Vijana huniambia ile ilikuwa siasa tu. Ilikuwa siasa, ndiyo. Lakini pale kazini palikuwa na maandishi yanayomweleza bosi na mfagiaji kazi hii ni kwa faida ya nani, na mfagiaji aliweza kuyashika akayatumia. Leo kila ofisi ina Dira na Dhima ukutani, ndani ya fremu. Naziheshimu, maana shirika lisilojua lipo kwa ajili gani huendeshwa kwa hasira za mkubwa aliyeamka vibaya. Swali langu kwa kila dhima ni moja: je, inaweza kumrudi aliyeitia saini?

Ile yetu iliweza, kwa miaka michache. Migomo ilienea, mameneja wakafungiwa nje ya mageti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapo hapo Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakaendesha uzalishaji wenyewe. Baada ya hapo tukaanza kuhubiriwa nidhamu ya kazi kuliko kifungu chochote. Kwetu hakuna aliyekipiga marufuku kijitabu; kiliacha tu kusomwa mikutanoni, na mzee wetu akahamishiwa ghalani.

Muda wa kunyonyesha haukuguswa. Ulikuwa umeandikwa, na wanawake walioajiriwa miaka mingi baadaye waliukuta, wakautumia, bila kujua ulipatikanaje.