Samaki wa ndani ya gamba, na mwizi niliyemwingiza nyumbani

Mmezoea kunikuta hapa nikiandika juu ya barabara, bei ya unga na maji ya ziwa yaliyoingia katika nyumba za watu. Leo naandika juu ya sanduku la vioo lililoko sebuleni kwangu, hapa Kalundu, mjini Uvira. Tangu nililitaja redioni kwa mzaha, watu hawaachi kuniuliza, na vijana wawili wa kartiye yetu wameanza kujitengenezea la kwao. Kabla hawajalijaza maji, wasome kwanza yaliyonipata.

Sanduku nilitengenezewa na fundi wa madirisha: urefu sentimita 80, upana 35, kwenda juu 40. Linaingiza bidoni tano za lita 20. Nilitaka kufuga wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Wavuvi wetu wanawajua vizuri, ila hakuna anayewahesabu kuwa mboga, maana hata kumi hawajazi mkono. Chini ya ziwa, penye mchanga, kuna mahali pamejaa magamba matupu ya konokono anayepatikana Tanganyika tu. Wataalamu wanamwita Neothauma. Maji yetu yana madini mengi, ndiyo maana magamba hayo hayaliki upesi, yanadumu miaka na miaka. Samaki hao wameyageuza nyumba. Humo wanalala, humo wanataga, humo wanakimbilia wakiona kivuli.

Mvuvi mmoja kijana, jirani yangu, aliniletea watano. Niliwaosha vyombo vyao kwa bidii, nikajaza maji safi ya bomba, nikakaa na bibi yangu na watoto kuwaangalia. Kabla juma halijaisha walikuwa wamekufa wote.

Nilikwenda kumwona mtafiti mmoja wa mambo ya ziwa, mzee ambaye nimemhoji mara nyingi kuhusu mafuriko. Alicheka kidogo, kisha akakasirika. Maji ya bomba, alisema, yana klori. Na hata klori ikitoka, sanduku jipya halina bado vijidudu vile vinavyogeuza mkojo wa samaki kuwa kitu kisichodhuru. Vinahitaji wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mchanga na mawe. Maji ya Tanganyika ni makali kama ya majivu, pH yake inakaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia ni sumu zaidi kuliko katika maji mengine. Akanikataza pia maji ya mvua, maana hayana madini, samaki wa hapa hawayawezi. Basi nikaanza kuchota ziwani, mbali na mahali watu wanapofulia, na nikangoja wiki sita sanduku likiwa na mchanga na magamba tu. Jirani walipita wakiniuliza kama nafuga mchanga.

Nikiwa bado nangoja, mtoto wa dada yangu aliniletea kitu kingine ndani ya chupa: yavuyavu mdogo wa ziwa, mwepesi kama mfuniko wa glasi, mpana kama sarafu. Wengi wanadhani wanyama hao ni wa baharini tu, na kweli ni ndugu wa wale anemoni ambao Wazungu wanawafuga katika masanduku ya maji ya chumvi. Lakini Tanganyika ina wa kwake, na Mjerumani Richard Böhm aliwaona mwaka 1883. Yule wa kwetu hakufika asubuhi. Nilimwambia mtoto asinilete mwingine. Kuna viumbe vya kutazamwa kutoka mtumbwini.

Wiki sita zilipotimia, jirani akaniletea samaki sita. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipoanzia, na wala halikuhusu maji. Niliwatazama kutoka juu, ndani ya ndoo, nikaona ni wa aina moja. Niliwaita kwa jina moja, nikawaandika hivyo katika daftari langu, nikawaweka pamoja.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Dume na jike walishirikiana gamba moja. Kurani ikikatika, na mnajua inavyokatika, pampu ya hewa ilinyamaza, na watoto walipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie. Siku moja nikaona vitoto, vidogo kama ncha ya kalamu, vikichungulia mlangoni mwa gamba. Nilitangaza habari hiyo ofisini kabla ya habari za mji.

Lakini mmoja kati ya wale sita hakuacha kukua. Mwezi wa nane alikuwa amewazidi wenzake mara mbili, na alikuwa na tabia ya ajabu: aliuma gamba kwa mdomo, akalivuta. Asubuhi moja tuliamka tukakuta magamba yote kumi na mawili yamerundikwa katika pembe moja. Bibi yangu akasema, “Baba watoto, umetuletea mwizi.” Tulicheka sana. Siku ya tatu nilipopangua rundo lile, nilikuta jike ndani ya gamba lililokuwa limelala mdomo chini, limezibwa na mchanga na magamba mengine. Alikuwa amekufa juu ya mayai yake. Vile vitoto vya zamani sikuviona tena.

Mzee alipokuja kutazama, alihitaji dakika moja tu. Wale wadogo ni Neolamprologus brevis: mwili wa kahawia, mistari myepesi iliyosimama ubavuni, na chini ya jicho mstari mwembamba wa buluu. Huyu mkubwa ni Lamprologus callipterus, mwenye mwili mrefu zaidi na madoa meusi. Kwa aina hiyo jike ndiye anayeingia katika gamba. Dume akikomaa huwa mzito kuliko jike mara kumi na mbili hivi. Kazi ya dume ni kukusanya magamba ili majike waje kutaga, na akikuta gamba lenye mwenyewe ndani yake, analibeba tu. Ziwani mwenye nyumba anaweza kutoka akakimbia, akatafuta gamba jingine. Ndani ya sentimita 80 angekimbilia wapi? Samaki hakuwa na kosa. Alifanya alivyoumbwa, tena mahali nilipomweka mimi.

Tangu siku hiyo kila samaki anayeingia kwangu anakaa kwanza wiki mbili katika chombo cha kioo, peke yake, nimtazame ubavuni. Kutoka juu samaki wa mchangani wote wanafanana, na hiyo ndiyo kazi ya rangi yao, adui asiwaone.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Rafiki niliyesoma naye uandishi wa habari alipata kazi Bukavu, nami nikampa samaki kumi waliozaliwa kwangu. Baada ya mwaka alinipigia simu: anahamia chumba kidogo, hana nafasi, jioni hiyo anakwenda kuwamwaga katika ziwa Kivu. Nikamwambia hapana. Akanijibu, “Na sambaza je? Si walitoka kwenu?”

Swali lake lilikuwa na uzito. Ni kweli sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa makusudi, na leo wanalisha familia nyingi. Lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, akaonekana katika maji hayo hayo ya Kivu. Wavuvi hawakuulizwa, na anakula chakula kile kile cha sambaza. Nilimwambia rafiki yangu: wewe ukimwaga kumi usiku, nani atawaita warudi? Tulibishana hadi yuniti zikaisha. Kesho yake aliwaweka katika bidoni, akampa shoferi anayeteremka Ngomo. Walifika sita wakiwa hai. Niliwapokea bila kumlaumu tena.

Vijana wameniuliza kama mimi mwenyewe siwezi kumrudisha yule dume ziwani, maana alitoka hapa hapa Kalundu. Nilifikiri hivyo pia. Mzee alikataa: amekaa sandukuni na samaki wa sehemu nyingine, na ugonjwa ukiingia ziwani hauonekani kwa macho. Basi amebaki. Nilimtengenezea sanduku lake, nikampa magamba kumi matupu niliyookota ufukweni. Usiku, kurani ikikatika na pampu ikinyamaza, tunamsikia kutoka chumbani akiyagonga kwenye kioo, moja moja, akiyapeleka kwenye pembe yake.