Kulala Mwanza kwa Fedha Kidogo na kwa Heshima

Wengi wetu tukaao Bulyanhulu huenda Mwanza kwa sababu moja kati ya tatu: biashara, masomo au ugonjwa. Na katika zote tatu, linalotutia hofu si safari yenyewe, bali ni usiku. Mtu hujiuliza, "Nitalala wapi?" Asiye na ndugu mjini hudhani kwamba hoteli nzuri ni za wakubwa tu, na kwamba zile za bei nafuu ni za walevi. Basi wengine hulala juu ya mabenchi ya stendi wakikumbatia mizigo yao, na wengine hujazana kwa jamaa wa mbali mwenye chumba kimoja. Lakini iko njia nyingine, nami nimeiona kwa macho yangu.

Halmashauri ya walei ya parokia yetu ilinituma Mwanza nitafute mahali ambapo Wakristo wetu wanaowasindikiza wagonjwa Bugando waweze kulala bila kufilisika. Nilifuatana na mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mumewe alikuwa amelazwa huko kwa upasuaji. Mama huyu ni mtu mzima, mwenye wajukuu, na katika maisha yake yote hakuwa amelala hotelini hata usiku mmoja.

Tuliondoka Kakola alfajiri, tukapita Bukoli mpaka Geita, kisha Sengerema hadi Busisi. Wakubwa wote wanakikumbuka kivuko cha hapo: foleni ya magari, wauza samaki madirishani, na mgonjwa ndani ya gari akingoja zamu pamoja na magunia ya mpunga. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, maji yale huvukwa kwa dakika chache tu. Ng'ambo ya pili ni Kigongo, na si mbali na hapo ni Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walifungua misioni mwaka 1883. Siku zile safari ya kutoka pwani ilichukua miezi. Sisi tulifika stendi ya Nyegezi jua likiwa bado juu.

Mwanza ni mji wa mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba yamekaa vilimani, moja juu ya jingine, kana kwamba yamepangwa na mtu, na lile liitwalo Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Juu ya kilima kimoja yapo majengo ya Bugando, hospitali ya rufaa ya watu wote wa Kanda ya Ziwa. Ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Maaskofu mwaka 1985. Kila siku watu hupanda kilima kile wakiwa na chupa za chai na vibakuli vya uji mikononi, na si wote walio na nyumba ya kurudi jioni.

Chini ya kilima hicho, katika mtaa wa watu wa kawaida, tulipata nyumba niliyokuwa nikiitafuta. Jina lake silitaji, kwa maana habari hizi si tangazo la biashara, na nyumba za namna ile ziko nyingine. Imejengwa kuzunguka jiwe moja kubwa. Mwenyewe hakulivunja, bali amelifanya kuwa ukuta wa nyuma wa ua, na juu yake maua yametambaa. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Sakafu ni ya saruji yenye rangi nyekundu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Chumba ni kidogo: kitanda cha mbao, chandarua kizima kisicho na tundu, meza, kiti, na pazia la kitenge lililoshonwa vizuri. Ukifungua dirisha unaliona Ziwa Victoria kati ya mapaa ya mabati.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitupokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila," na mwenzangu akamwitikia kwa furaha, akamwita "mayu". Hapo hofu yake ikapungua nusu. Mimi ni karani, kwa hiyo nilitazama kwanza daftari la wageni. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, majina na tarehe zimeandikwa kwa mwandiko safi. Ukutani ilibandikwa bei ya kila chumba, ili mwenye suti na mwenye kanga walipe sawasawa. Tulilipa shilingi 25,000 kila mmoja kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi, tukapewa risiti bila kuiomba.

Nilimwuliza yule mama awezaje kuweka nyumba nzuri kwa bei ile. Alinijibu pasipo kuficha. Hauzi pombe, kwa hiyo hana vurugu za kutengeneza wala vioo vya kununua kila mwezi. Vitanda vimetengenezwa na fundi seremala wa mtaa uleule, na kimoja kikilegea fundi huitwa siku hiyohiyo. Mashuka ni meupe yote, yanafuliwa kwa mkono na kuanikwa juani, na doa likiwapo huonekana mara moja. Vyumba ni vidogo, basi huchukua wageni wengi zaidi katika kiwanja kimoja. "Mgeni hanilipi kwa ajili ya nafasi," alisema, "ananilipa ili apate usingizi."

Maneno hayo yalinikumbusha habari za Japani, nchi ambayo miji yake mikubwa ina watu wengi kuliko nafasi. Mwaka 1964, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Tokyo, kampuni ya Toto ilitengeneza vyumba vya kuogea kiwandani kwa ajili ya hoteli kubwa ya New Otani, vikafikishwa tayari kuunganishwa, maana wakati ulikuwa mfupi. Na mwaka 1979, mjini Osaka, ilifunguliwa hoteli iliyosanifiwa na Kisho Kurokawa, ambayo mgeni hulala ndani ya kijumba mfano wa sanduku, chenye godoro, taa na saa, na bei yake ilikuwa ndogo. Wajapani wengi hawaoni aibu kwa udogo wa chumba. Aibu kwao ni uchafu na ukosefu wa utaratibu. Hata viatu huvuliwa katika nyumba zao za wageni za kienyeji, kama vile mama yule wa Mwanza alivyotuomba tuvue vyetu mlangoni.

Lakini jambo lililonigusa kuliko yote lilikuwa nyuma ya nyumba. Palikuwa na majiko mawili ya mkaa, sufuria, na kamba ya kuanikia nguo. Mgeni yeyote mwenye mgonjwa hospitalini anaruhusiwa kupika uji hapo pasipo malipo. Kabla ya jua kuchomoza, mwenzangu alikuwa jikoni akikoroga uji wa mumewe. Alikuwa ameoga maji ya moto, amevaa kanga safi. Tulikunywa chai kwa matobolwa na karanga, chakula cha kwetu kabisa, kimepangwa katika sahani nyeupe kama cha karamu. Nikamwuliza, "Mama, umelalaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, tangu mzee augue, jana ndipo nimelala kama mtu."

Ndugu zangu, neno hilo tulitafakari. Huwa tunadhani kwamba uzuri ni anasa, na kwamba mtu aliye katika shida anatoshwa na mahali popote pa kuweka ubavu. Lakini anayemwuguza mwenzake ana kazi nzito kuliko ya mchimbaji shimoni. Akikesha siku tatu juu ya benchi, ya nne anasahau maneno ya daktari, na pengine anaugua yeye mwenyewe. Shuka safi na ukuta mweupe humrudishia nguvu na subira, na mgonjwa hula uji kutoka mkono usiotetemeka.

Mtakaposafiri, fanyeni hivi. Ulizeni bei kabla ya kuweka mzigo chini. Ombeni kukiona chumba, mkafunue shuka kwa mikono yenu. Jaribuni kitasa cha mlango na bomba la maji. Sikilizeni kama kuna muziki wa baa ukutani. Dai risiti, na fedha zisiachwe chumbani. Mwenye nyumba mwema hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, endeleeni na safari yenu.

Nanyi wenye gesti wa Kakola na vijiji vya mgodini, msikasirike nikisema nanyi pia. Tangu mgodi mkubwa ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, wageni hawajakoma kuja kwetu, na nyumba za kulala zimeota kama uyoga. Baadhi ni nzuri. Lakini ziko ambazo fedha imetangulia kwenye vigae na spika za muziki, na mashuka yakabaki ya mwisho. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona kwa mgeni yupi, ikiwa kila alalaye kwake usiku mmoja huapa kutorudi?

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, twamsoma Msamaria aliyempeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Alimpa mwenye nyumba dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Mara nyingi tunamsifu Msamaria, tukamsahau yule mwenye nyumba. Lakini Msamaria alikuwa na safari yake. Aliyebaki na mgonjwa, akampa kitanda, akaaminiwa na fedha za mtu mwingine, ni yeye. Kumbe kuendesha gesti kwaweza kuwa kazi ya huruma, nayo ikalipa.

Majina ya nyumba tatu za Mwanza nilizozikagua, pamoja na bei zake, sasa yamebandikwa katika ofisi ya parokia. Mwenye mgonjwa aje ayanakili kabla ya kupanda gari, naye asione haya.