Mwana-mbuzi Mmoja



Sisi wakatekista tunapofundisha sura ya 15 ya Injili ya Luka, tunakaa sana na yule mwana mdogo: tunamfuata mpaka kwa nguruwe, tunamrudisha nyumbani, tunamvika pete. Kaka yake tunampita haraka. Tunasema alikuwa na wivu, basi. Lakini kaka huyo ana neno moja ambalo nililisoma kwa zaidi ya miaka 20 pasipo kulisikia: kwamba ametumika miaka mingi, na baba hakumpa hata mwana-mbuzi mmoja wa kufurahi na rafiki zake. Baba anamjibu kwamba vyote vya nyumba ni vyake pia. Ni kweli. Na bado mbuzi hakuwahi kutolewa.

Nimekuwa baba wa namna hiyo. Ninafundisha shule ya msingi tangu nilipomaliza masomo ya ualimu, na nyumbani kwangu sheria ilikuwa moja: mtoto anayekula, anayevaa na anayelipiwa masomo hana haja ya fedha mkononi. Niliirithi kwa baba yangu, mkulima, ambaye fedha yenyewe aliiona wakati wa mavuno tu. Yeye alikuwa na haki ya kuishika sheria hiyo. Mimi sikujiuliza kama bado inafaa mjini. Tena, jambo la kuchekesha: darasani, mwaka wa tano, kila juma niliandika ubaoni hesabu za mama aendaye sokoni, faida na hasara, fedha iliyobaki. Watoto wangu walizijua vizuri hesabu hizo, lakini hawakuwa wamewahi kuhesabu fedha iliyo yao.

Mwaka 2018 binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 16. Mama yake aliona amesukwa nywele kwa mtindo ambao hatukuulipia. Jioni tukakaa naye. Hakuficha: mtu mmoja mwenye duka kwenye njia ya shule, mtu mzima mwenye bibi na watoto, alikuwa akimpa franka 2,000, mara nyingine 5,000.

«Amekuomba nini?» nikauliza.

«Bado, Baba.»

Neno lile, bado, lilinikosesha usingizi siku nyingi. Nilianza kumhubiria, kama nilivyozoea kuwahubiria watoto wa wengine siku ya mafundisho. Akaninyamazia mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole: «Baba, yule ananiuliza kila mara kama nina kitu mfukoni. Hapa nyumbani hakuna anayeniuliza. Na kuna vitu vya msichana ambavyo ninaona haya kuja kuviomba kwako.»

Yaliyopita kati yangu na mwenye duka sitayaandika hapa. Kosa lilikuwa lake, wala si la binti. Ninalisema wazi kwa sababu hata katika vikundi vyetu vya kanisa msichana ndiye huhukumiwa kwanza. Lakini mlango alioutumia, mimi ndimi niliyeuacha wazi.

Mimi na mama yao tulibishana juma zima. Niliogopa kwamba fedha itawaharibu. Yeye akanijibu: «Heri waikosee hapa, ambapo ni franka 1,000, kuliko waje kuikosea kazini kwa watu.» Tukakubaliana: kila Jumamosi jioni, 2,000 kwa binti, 1,000 kwa mdogo wake wa miaka 12. Madaftari, sabuni na vile vitu vya msichana vilibaki juu yetu, na mama yao ndiye aliyevishughulikia. Kazi za nyumba hatukuzilipia. Kijana alikwisha kuja na bei yake ya kila bidoni ya maji, tukamrudisha kisimani bure. Lililonitesa zaidi ni sharti la mwisho, la kutowauliza wameifanyia nini. Juma la kwanza, fedha ya kijana ilimalizikia katika mandazi na karanga kabla ya Jumatatu jioni. Alhamisi akaja kuomba tena, akanyimwa, akanuna.

Katika mafunzo ya vijana tunamtaja sana Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekataa hongo ili mchele ulioharibika usiwafikie watu, akauawa Julai 2007, na Kanisa likamtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Mnapiga makofi, nami ninapiga pamoja nanyi. Kisha ninaitazama mikono ile na kujiuliza ni mingapi iliyowahi kuchagua kati ya mandazi ya leo na akiba ya kesho.

Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za serikali, na zetu za Kikatoliki zilizo na mapatano nayo, yakawa bure. Habari njema kwa wazazi. Lakini sisi walimu wengi wa mijini tulikuwa tunaishi kwa mchango wao kuliko kwa mshahara, na mchango ukakoma. Mwezi wa kwanza niliona haya kuwaambia watoto. Wa pili nikachukua karatasi, nikaandika kilichoingia na kinachotoka, nikawawekea mezani. Binti akaisoma mara mbili. «Kumbe ulikuwa unatutolea hapa?» Siku zote alidhani nina fedha mahali fulani na ninawanyima. Tukapunguza: 1,000 kwake, 500 kwa mdogo wake. Kijana alilalamika sana, na haki ya kulalamika alikuwa nayo.

Zamani, mlangoni pa kanisa, niliwagawia noti za matoleo, hii yako, hii yako, nao wakaenda kikapuni wakicheza na kutoa fedha yangu. Siku hizo nilikwisha kuacha. Jumapili baada ya kupunguza, kijana alikuwa mbele yangu katika mstari. Nilijua ana noti moja ya 500, aliyoipokea jana yake. Alipofika kikapuni aliingiza ngumi, akaitoa ingali ngumi, akaendelea kucheza mpaka kitini pake. Nilitaka kumvuta shati. Mama yake akanigusa kiwiko.

Zikapita Jumapili tatu hivyo. Ya nne, mkono ulitoka wazi. Akageuka upesi kuona kama nimemtazama, nami nikainamia kitabu changu cha nyimbo.