Msiba Usio na Matanga

Mtu akifariki, mtaa mzima unajua la kufanya. Turubai linafungwa, masufuria yanaazimwa, majina yanaandikwa kwenye daftari la rambirambi. Shangazi yangu hakufariki. Mgongo wake ndio uliomwondoa, kidogo kidogo, katika mambo yaliyomfanya awe yeye, na hakuna aliyekuja kuketi nasi mkekani. Wiki za mwanzo watu walimiminika na pole zao. Baadaye wakawa wanauliza, "Bado tu?" Kisha wakaacha kuuliza.

Kwanza aliacha jembe. Ikafuata ndoo ya kichwani. Halafu akashindwa kusujudu, akawa anaswali juu ya kigoda akiinamisha kichwa tu. Dini imemruhusu, naye anajua, lakini alilia siku msala wake ulipokunjwa na kutiwa kabatini. Lililoniuma mimi zaidi ni mbeleko. Mjukuu alimjia amenyoosha mikono, anataka mgongoni. "Nenda kwa mama yako, baba," akamwambia, na akageuza uso. Kanga ile ile iliyobeba watoto wa nyumba nzima ikawa ndiyo anayojikaza nayo kiunoni apate kuinuka kitandani.

Waliofikwa na msiba huu ni wengi mno. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna ugonjwa unaowafanya watu waishi miaka mingi zaidi na ulemavu kuliko huo. Lakini afya ya taifa tumezoea kuipima kwa vifo, na mgongo hauui. Zahanati mgonjwa anaandikwa mstari mmoja kwenye kitabu cha MTUHA, yaani cha taarifa za wagonjwa, anapewa diklofenaki, anarudi nyumbani. Mstari ule hausemi kwamba shamba limekodishwa kwa jirani, wala kwamba binti ameacha genge lake sokoni ili awe anamchotea mama maji. Vidonge vikiisha vinanunuliwa vingine duka la dawa, mwezi baada ya mwezi, na dawa hizo zikizoeleka huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Linahimiza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mikanda ya kujifunga kiunoni halikuipendekeza. Mazoezi hayo hayadai mashine ya bei kubwa. Yanadai mtu wa kuyafundisha, na kwa vijiji vingi mtu huyo yuko mbali, hospitali ya mkoa, safari ya bodaboda kisha basi ambayo yenyewe inautonesha mgongo.

Shangazi alifika huko mwishowe. Sasa anatembea vizuri kiasi, na usiku anapata usingizi. Lakini mjukuu ameshaanza shule, habebeki tena. Ile miaka ya katikati ndiyo ninayoililia, kwa sababu mazoezi aliyofundishwa yangeweza kufundishwa palepale zahanati, siku ya kwanza alipokwenda.