Paa la Mwaka 1947

Jengo lililoungua vitani likikarabatiwa, ni mwaka gani hasa unaorudishwa? Swali hili hudhaniwa kuwa la wasanifu majengo peke yao. Mimi, ninayejipatia riziki kwa kufundisha habari za dola na jamii, naliona kuwa swali la siasa, na mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi wangu ni Stesheni ya Tokyo.

Stesheni hiyo ilifunguliwa Desemba 1914, mwaka uleule ambao Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Kigoma. Msanifu wake, Tatsuno Kingo, aliijenga kwa matofali mekundu, ghorofa tatu, urefu wa zaidi ya mita 300, ikiwa na kuba mbili, na akaielekeza kwenye kasri la mfalme. Lilikuwa jengo la dola iliyotaka kuonekana. Tetemeko la mwaka 1923 liliteketeza sehemu kubwa ya mji, stesheni ikasimama. Kilichoishinda ni mabomu ya moto ya Marekani ya tarehe 25 Mei 1945. Paa na kuba viliungua, kuta zikabaki wazi juu.

Vita vilipokwisha Agosti, Japani ilikuwa nchi yenye njaa, isiyo na vifaa, iliyo chini ya jeshi la kigeni. Hata hivyo treni zilipaswa kwenda, na abiria walihitaji mahali pa kujikinga na mvua. Kufikia mwaka 1947 mafundi walikuwa wameondoa sehemu kubwa ya ghorofa ya tatu, wakaezeka zile mbili zilizosalia, na palipokuwa na kuba za mviringo wakaweka mapaa ya pembe nane yenye miteremko iliyonyooka. Ndani yake walitengeneza dari ya umbo la kuba kwa duralumini, ile metali nyepesi iliyokuwa ikiundia ndege. Kazi hiyo ilikusudiwa kudumu miaka michache tu, nchi ikingoja kupata nafuu. Ilidumu miaka 60.

Tufanye hesabu kidogo. Kuba za Tatsuno zilikaa miaka 31. Mapaa ya mafundi yalikaa takriban mara mbili ya hiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita alisoma, akaajiriwa na kustaafu akiijua stesheni moja tu, ile ya mapaa ya pembe. Kwake yeye, ipi ni ya asili?

Shirika la reli la taifa lilibinafsishwa mwaka 1987, wakati ambapo mipango ya kuweka jengo refu mahali pa stesheni ilikuwa ikizungumzwa. Wananchi wakajipanga, wakakusanya saini, na hatimaye stesheni ikaokoka. Mwaka 2003 serikali ikaiorodhesha kuwa urithi muhimu wa kitamaduni. Fedha za ukarabati, takriban yeni bilioni 50, zilipatikana kwa njia ambayo ningependa watumishi wa umma wanaonisoma waitazame kwa makini. Kanuni za mipango miji huupa kila uwanja kiwango cha juu cha eneo la sakafu linaloruhusiwa kujengwa. Stesheni, kwa ufupi wake, ilikuwa imetumia sehemu ndogo tu ya kiwango chake. Haki iliyobaki ikauzwa kwa wajenzi wa maghorofa ya jirani. Basi mkiambiwa kwamba jengo la kale halina budi kubomolewa kwa sababu ardhi yake ni ghali, kumbukeni kwamba hapo ughali huohuo wa ardhi ndio uliolipa mafundi.

Kazi ilianza 2007 ikakamilika 2012. Ghorofa ya tatu ikarudi, kuba zikarudi. Nilipita hapo baadaye nikienda kwenye mkutano wa kitaaluma, nikasimama na mizigo yangu nikitazama juu kama mshamba. Ni jengo zuri mno. Ni zuri kiasi kwamba ukilitazama kwa nje, vita haikupita hapo kamwe.

Nilipolisema hili darasani, mwanafunzi mmoja alinipinga: “Daktari, ulitaka waendelee na kiraka ili sisi wageni tupate somo?” Hoja ina uzito, raia hawaishi ndani ya makumbusho. Lakini tazameni miaka iliyoshindanishwa. Mwaka 1914 Japani ilikuwa himaya, na Korea ilikuwa chini yake tangu 1910. Mwaka 1947 ndio Katiba yake ya sasa, ile inayokana vita, ilipoanza kutumika. Paa la kiraka na Katiba hiyo ni marika. Taifa lilipopata fedha, likarudisha paa la himaya, na sidhani kwamba uzuri ndio uliokuwa sababu pekee.

Huko Rotterdam, stesheni kuu iliyojengwa baada ya vita na kufunguliwa 1957 ilifungwa mwaka huohuo wa 2007, ikabomolewa kupisha nyingine kubwa zaidi. Majengo ya miaka ya dhiki hayana watetezi wengi. Walau Waholanzi waliichukua saa ya zamani na herufi za jina la stesheni, wakazitundika kwenye jengo jipya.

Tokyo nako kuna kitu kilichobakizwa. Mchoro wa ile dari ya duralumini umehamishiwa chini, kwenye sakafu iliyo katikati ya kuba. Abiria huukanyaga wakikimbilia treni.