Meza ya Watu Saba

Ukiingia nyumba nyingi za hapa Nyarugusu utakuta kitanda, masufuria, madumu ya maji, labda na sola ya kuchajia simu. Meza ya kulia chakula ni nadra. Si bei peke yake. Mkimbizi amezoea kupima kila kitu kwa swali moja: siku ya kuondoka, kitabebeka?

Mume wangu aliniuliza hilo hilo niliposema pesa ya ushonaji niliyoweka inatosha meza. "Mama Furaha, meza ya nini? Si tuko safarini?" Kweli, kesi yetu ya Marekani ilikuwa imefika mbali. Lakini tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari imelala. Watoto wao hawalali, wanakua tu. Furaha alizaliwa humu kambini, sasa yuko sekondari, na bado anaandikia juu ya magoti.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Kwetu Fizi tunakula kwenye mkeka, sinia moja la ugali katikati, sombe na dagaa pembeni. "Meza itawatenganisha hawa watoto," alisema. "Kila mtu na sahani yake, na kila mtu atahesabu ya mwenzake."

Hilo lilinigusa kuliko la mume wangu. Siku ya mgao tunahesabiwa vichwa: unga wa watu saba, maharage ya watu saba. Kwenye sinia ndipo hesabu inaisha. Mkubwa anamsogezea mdogo, wala hakuna anayesema kitu.

Basi nikaenda kwa fundi seremala na maneno ya wote wawili kichwani.

Alikuwa na meza ndefu tayari, sentimita 150 kwa 75. Nzuri kabisa. Akaniambia mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 za ukingo ili viwiko visigombane. Tungeenea kwa kubanana. Lakini weka sinia katikati uone: mtoto aliye mwishoni halifikii mpaka asimame. Meza ile ni ya watu wanaokula kwenye sahani.

Nikaomba ya duara, upana sentimita 120. Kila mmoja anapata karibu sentimita 54, na wadogo bado wembamba. Kutoka ukingoni hadi kwenye sinia ni sawa kwa wote, na hakuna anayekaa kichwani mwa meza.

Mbao ikawa hesabu nyingine. Mninga ni mgumu na mchwa hauupendi, ila bei yake inauma. Mkaratusi ni nafuu, lakini ukitumiwa mbichi unapinda na kupasuka. Nikachagua juu mkaratusi uliokauka, miguu tu ndiyo mninga, maana mchwa huanzia chini sakafuni. Sakafu yetu ni ya udongo, haiko sawa, kwa hiyo kila mguu umekalia jiwe bapa. Urefu tuliupima kwa vigoda tulivyonavyo: kutoka kigoda hadi juu ya meza, sentimita 30.

Mlango wetu ni mwembamba, kwa hiyo fundi akafunga miguu kwa bolti badala ya misumari. Mume wangu alipoziona bolti akacheka. "Kumbe inafunguka!" Tangu hapo hakuuliza tena.

Mchana watoto wanaandikia pale. Jioni madaftari yanaondoka, sinia linakuja. Mama mkwe alikula mkekani siku tatu, peke yake, akituangalia. Siku ya nne akavuta kigoda. Hakusema kitu, nasi hatukusema.

Nawaandikia mnaosubiri kama sisi, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaoingia nyumbani kwetu na fomu. Watu husema mwenye kununua meza amekata tamaa ya kuondoka. Si hivyo. Sijui tutaondoka lini, lakini najua watoto watakula jioni hii, na najua wanavyokula. Hilo ndilo nililompelekea fundi, siyo tarehe.

Spana ya zile bolti mume wangu ameitundika ukutani, karibu na mlango. Sina neno nayo. Ikae pale.