Motakaa Mbili za Ford

Wanafunzi wangu huniuliza ni ipi iliyo bora, motakaa ya zamani au ile iliyokuja baada yake. Mimi hujibu kwa kulinganisha motakaa mbili zilizotengenezwa Marekani na kampuni ya Henry Ford.

Ya kwanza ni Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908. Nguvu zake zilikuwa za farasi 20 tu, na kwa miaka mingi dereva aliiamsha kwa kuzungusha mpini wa chuma kwa mkono. Petroli haikuvutwa kwa pampu, bali iliteremka yenyewe kutoka katika tangi, ambalo mara nyingi lilikuwa chini ya kiti. Basi, fikirini njia itokayo Mbeya kwenda Chunya, jinsi ipandavyo mlima. Mahali pakali kama pale, tangi likiwa na petroli kidogo, inji ilikauka, kwa maana mbele kumeinuka kuliko nyuma. Dereva aliigeuza motakaa, akapanda kinyumenyume!

Ya pili ni V8 ya mwaka 1932. Inji yake ilikuwa na silinda nane na nguvu za farasi 65. Ilikuwa na pampu ya petroli, tena iliamshwa kwa umeme. Mlima ule ingaliupanda kwa kuelekea mbele.

Je, tuseme kwamba Model T haikuwa kitu? Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mimi sikubali kuidharau. Mwaka 1913 Ford alianza kuiunda kwa njia mpya: kila mfanyakazi alisimama mahali pake, nayo motakaa ikamjia. Bei yake, iliyokuwa zaidi ya dola 800 hapo mwanzo, ikashuka hata ikapatikana kwa dola 260 mwaka 1925. Hivyo mkulima naye alinunua. Aliweza kuitengeneza mwenyewe kwa vyombo vichache. Tena aliinua gurudumu la nyuma, akalifunga mkanda, likazungusha msumeno au mashine ya kusaga nafaka. Hata ilipokoma mwaka 1927, zilikuwa zimeundwa zaidi ya 15,000,000.

Kwa safari ya Chunya, mimi ningechagua V8. Kwa shamba lililo mbali na fundi, ningechagua Model T. Nanyi, kabla ya kusifu chombo kwa kuwa ni kipya, ulizeni kwanza: kazi yake ni nini, na kikiharibika nani atakitengeneza?